Rozari, Hijabu na Sare ya Shule

Katika shule zetu za serikali, kuanzia Kayanga hadi Murongo, sare ndiyo sheria ya kwanza ambayo mtoto hukutana nayo. Kabla hajajua kusoma, anajua kwamba shati ni jeupe, kwamba sketi au kaptura ina rangi yake, kwamba nywele ni fupi, na kwamba asubuhi mwalimu wa zamu atapita mstarini akitazama kucha, viatu na shingo. Mkufu ukionekana shingoni utavuliwa, na shanga zitavuliwa. Je, rozari? Kitambaa cha kichwani cha binti wa Kiislamu? Hirizi ambayo mtoto alifungwa na bibi yake? Hapo walimu hawafanani. Mmoja anapita kama hakuona, mwingine anaamuru ivuliwe mbele ya wote, na wa tatu anaruhusu ya dini yake na kukataza ya dini ya mwenzake.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la walimu peke yao. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa ni vigumu kukuta bodi au kamati ya shule ambayo haina mzee wa kanisa, mwinjilisti au mama wa kwaya ndani yake. Walimu wenyewe ni washarika wenzetu. Kwa hiyo swali linatuhusu: Mkristo aliyepewa madaraka katika shule ya umma anadaiwa nini na imani yake, pale dini ya mtoto inapogongana na sare? Na anadaiwa nini hasa pale ambapo dini hiyo si ya kwake?

Nianze kwa kuitendea haki sare, kwa sababu wapo wanaoisema vibaya kupita kiasi. Husema ni mabaki ya mkoloni, kwamba inawafanya watoto wafanane kama matofali. Wanaosema hivyo hawajatazama vizuri siku ambayo wanafunzi wameruhusiwa kuja na nguo za nyumbani. Siku hiyo unamjua mara moja mtoto wa mtumishi wa halmashauri na mtoto wa mkulima mwenye miche michache ya kahawa na shamba la migomba lililochoka. Unamjua pia yule ambaye hakuja kabisa. Yakobo katika sura ya pili ya waraka wake analikemea kanisa linalompa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame pembeni. Sare inafanya kazi ambayo Yakobo aliitaka, tena bila mahubiri: inamwondolea mwalimu kishawishi cha kuwapanga watoto kwa nguo zao. Kwa hiyo anayesema kanuni za sare zilegezwe lazima aonyeshe kwamba kulegeza huko hakutamrudisha maskini pembeni. Hilo ni dai zito na sitalikwepa.

Lakini kuna dai jingine linalosemwa mara nyingi ambalo sikubaliani nalo. Husemwa kwamba sare haina dini, na kwa hiyo anayetaka kuongeza kitu juu yake ndiye anayeleta dini shuleni. Tuitazame historia yetu. Mwaka 1861 Speke na Grant walipofika Karagwe kwa Mukama Rumanyika, walikuta wafanyabiashara Waarabu na watu wa pwani wamekwisha kuweka kituo chao Kafuro. Uislamu ulikuwa umekanyaga ardhi hii kabla ya mmisionari yeyote kufundisha katekisimu hapa. Watu wa ikulu ya Rumanyika walivaa ngozi za ng'ombe. Majirani zetu upande wa Buhaya na Buganda walivaa nguo za magome ya mti. Kanzu ilikuja na hao watu wa pwani. Na leo? Bwana harusi wa Kinyambo, Mlutheri aliyebatizwa na kupata kipaimara, anavaa kanzu nyeupe na koti juu yake, na hakuna mzee anayemuuliza kama amesilimu. Vazi lililoingia na watu wa dini moja limekuwa vazi la heshima la watu wote.

Sare ya shule ilifuata njia ya namna hiyo hiyo, ila iliingia kutokea upande wetu. Shule nyingi za mwanzo katika Kagera zilikuwa za misioni. Ihungo ilikuwa ya Wakatoliki, Kahororo ya Walutheri. Mwaka 1969 serikali ikazitaifisha shule za mashirika ya dini ili mtoto wa dini yoyote aingie bila kuulizwa cheti cha ubatizo. Milango ilifunguliwa, lakini mazoea hayakubadilika mara moja. Kwamba msichana wa shule ni mtu mwenye kichwa wazi na sketi ya kufika magotini, hayo yalipatana na desturi ya wamisionari, na sisi hayakutusumbua. Jumapili hakuna masomo. Krismasi na Pasaka ni mapumziko. Mkristo anaweza kumaliza miaka yote ya shule pasipo hata mara moja kulazimika kuchagua kati ya kanuni ya shule na amri ya imani yake. Mtu aliyeshonewa nguo kwa kipimo chake mwenyewe ni rahisi kudhani kwamba nguo hiyo inamtosha kila mtu.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, na ibara ya 30 inaweka mipaka pale haki ya mmoja inapoingilia haki za wengine au maslahi ya umma. Serikali kwa miaka mingi imewaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu pamoja na sare. Kwa hiyo katika nchi yetu ugomvi mkubwa umepita. Unaobaki ni ule mdogo mdogo wa rangi ya kitambaa, urefu wake, na hali ya moyo ya mwalimu asubuhi hiyo. Ufaransa walichagua njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2004 ilipiga marufuku alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za umma: hijabu, kofia ya Kiyahudi, kilemba cha Masingasinga na msalaba mkubwa. Wapo Wakristo wanaoitamani sheria ya namna hiyo wakifikiri itawapunguza Waislamu. Wasisahau huo msalaba.

Kesi inayotugusa zaidi iko jirani, nchini Kenya, na inatugusa kwa sababu mlalamikaji alikuwa kanisa. Katika mji wa Isiolo kuna shule ya sekondari ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani. Ni shule ya umma, lakini mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Mwaka 2014 wasichana wa Kiislamu walitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe juu ya sare, kiongozi wa kaunti akaunga mkono, na shuleni pakawa na vurugu. Kanisa likaenda mahakamani. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Ilisema kwamba kundi moja likivaa tofauti, umoja wa wanafunzi unavunjika na dini moja inapendelewa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ililipa kanisa ushindi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikageuza hukumu, ikieleza kwamba kuwatendea sawasawa watu ambao hali zao hazifanani kunaweza kuwa ubaguzi wenyewe: kanuni moja haimgharimu mmoja kitu, lakini mwingine inamgharimu dhamiri yake. Mwezi Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo ya rufani kwa sababu za utaratibu, yaani dai la mzazi wa Kiislamu halikuwa limeletwa mahakamani kwa njia iliyotakiwa, na jaji mmoja hakukubaliana na wenzake. Mahakama ikakumbusha kwamba ni wajibu wa uongozi wa shule kushauriana na wazazi, wanafunzi na mfadhili kuhusu kanuni za mavazi. Miaka karibu mitano ya mawakili, kisha suala likarudi mezani kwa bodi ya shule.

Nikiwa Mkristo, nasoma kesi hiyo kwa masikitiko kidogo. Kanisa lilikuwa na haki ya kusema kwamba mfadhili hawezi kupuuzwa katika shule aliyoijenga. Kiongozi wa siasa hapaswi kubadilisha kanuni za shule jukwaani siku ya sherehe. Katika hilo nawaunga mkono Wamethodisti. Lakini katika kiini cha jambo nadhani walikosea, na sababu ninayoitoa haitoki kwa majaji.

Inatoka kwa Paulo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 16 tunamwona akimtahiri Timotheo, mwana wa Myunani, kwa ajili ya Wayahudi waliokuwa katika sehemu zile. Katika Wagalatia sura ya pili anaeleza jinsi Tito, Myunani, hakushurutishwa kutahiriwa, na jinsi ambavyo yeye hakukubali hata kwa saa moja mbele ya watu waliotaka kulazimisha. Alama ni ile ile katika mwili ule ule wa mwanadamu, na mtume ni yule yule. Mara moja anasema ndiyo, mara moja anasema hapana. Msomaji wa haraka ataona kigeugeu. Lakini Paulo hakuwa anapima ngozi. Alikuwa anapima kulazimishwa. Ikiwa alama inatolewa kwa hiari ili kumfikia mwingine, na itolewe. Ikiwa imegeuzwa kuwa sharti la kukubaliwa, isitolewe.

Wazee wetu wa matengenezo walikutana na swali hili katika nguo zenyewe. Krismasi ya mwaka 1521, Luther akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, mwenzake Karlstadt aliongoza ibada ya Meza ya Bwana huko Wittenberg akiwa amevaa nguo za kawaida, bila mavazi ya ibada. Kwa fundisho hakuwa na kosa, nguo haziokoi. Lakini mji ukachafuka. Watu wakaanza kushurutishana kuacha hiki na kuvunja kile. Mwezi Machi 1522 Luther akarudi na kuhubiri siku nane mfululizo, akisisitiza kwamba mambo ambayo Injili imeyaacha huru yasigeuzwe kuwa amri, na kwamba mwenye imani changa asiburutwe. Na yeye mwenyewe, aliyekuwa ameandika waziwazi kwamba nadhiri za utawa hazimwokoi mtu, aliendelea kuvaa joho la mtawa hadi Oktoba 1524, wakati wenzake wengi walikuwa wamelivua zamani. Mtu huyu alijua kwamba kumvua mwingine vazi lake kwa nguvu ni utumwa wa aina ile ile na kumvika kwa nguvu.

Sasa nageukia upande mgumu, kwa sababu hadi hapa nimesema kana kwamba binti yule wa Kiislamu amesimama peke yake na dhamiri yake mbele ya mwalimu. Mara nyingi sivyo. Ana miaka 13. Hijabu alinunuliwa na baba. Rozari ya mwenzake alipewa na bibi siku ya Komunyo ya Kwanza. Kama msingi wa hoja yangu ni dhamiri isiyolazimishwa, je, ni dhamiri ya nani? Wapo wanaojibu kwamba shule inapaswa kumkomboa mtoto kutoka kwa dini ya wazazi mpaka akue aamue mwenyewe. Jibu hilo haliwezi kutoka katika kinywa cha Mlutheri. Sisi tunabatiza watoto wachanga. Tunawaleta kanisani wakiwa mgongoni, tunawafundisha Sala ya Bwana kabla hawajaelewa maneno yake, kisha tunangoja kipaimara ili waseme ndiyo kwa kinywa chao. Tunaamini kwamba mtoto anaweza kupewa imani kama anavyopewa lugha, akaja kuifanya yake baadaye. Tukijipa sisi haki hiyo, jirani yetu Mwislamu tunamnyima kwa kipimo gani?

Mtoto naye ana ulinzi wake. Shule inayoruhusu hijabu ihakikishe kwamba binti wa Kiislamu asiyeivaa hasumbuliwi na wenzake, na kwamba hakuna mwalimu wa kipindi cha dini, awe shekhe au mwinjilisti wetu, anayekagua nani amevaa na nani hakuvaa. Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu. Vazi linalomfunga anayelivaa ni ibada yake. Likianza kutumika kumfunga aliyekaa dawati la jirani, shule ina haki ya kuingilia. Zipo pia sababu za kawaida ambazo hakuna dini inayozikataa kwa haki: katika maabara kitambaa kisining'inie karibu na moto, katika mtihani uso uonekane ili msimamizi amjue mtahiniwa. Kwa mambo haya bodi haihitaji mwanateolojia.

Rozari inaleta ugumu wa namna yake. Kanisa Katoliki halimwamuru mtu aivae shingoni. Ni ya kusalia. Mwalimu mkali atasema: basi si lazima, ivuliwe. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwaka 2007 ilikutana na hoja hiyo hiyo katika kesi ya msichana wa Kihindu wa Durban aliyevaa kipini cha pua. Shule ilidai kwamba kipini ni desturi tu, si amri ya dini. Mahakama ikasema kwamba tendo la hiari lenye maana kubwa kwa mtu katika dini na utamaduni wake nalo linastahili kulindwa. Naona walikuwa sahihi. Mengi katika maisha yetu ya imani hayakuamriwa na mtu. Hakuna aliyemwamuru mama wa usharika kufunga kitambaa chake cha Umoja wa Wanawake, lakini jaribu kumwambia akivue.

Nikija kwenye hirizi, najua kwamba wasomaji wengi wataniacha hapa. Sisi tunaamini kwamba hirizi ni kifungo cha hofu, na mimi naamini hivyo bila kusitasita. Niliwahi kumsikia mwalimu, mcha Mungu kweli, akijisifu kwamba huzikata kwa mkasi mstarini na kuzitupa jalalani. Watu walimpongeza. Lakini fikiria mwalimu mwingine, mlokole wa kanisa jingine, anayeamini kwa moyo wake wote kwamba rozari nayo ni hirizi. Wapo, na hawafichi. Mkasi ule ule utapita kwenye shingo ya mtoto wa Kikatoliki. Kesho yake atakuja ambaye kwake msalaba wetu ni sanamu. Tukishampa mwalimu wa zamu kazi ya kupambanua imani ya kweli na ya uongo, tumempa kazi ambayo hata sinodi zimeifanya kwa shida. Tena mtoto aliyekatwa hirizi hadharani hajaachiliwa hofu, ameongezewa. Jioni bibi atamfunga nyingine, kubwa zaidi, chini ya shati. Kipindi cha dini kipo, nyumba yake ipo, mwinjilisti ana miguu. Hofu huondolewa kwa kukaa na mwenye hofu.

Juu ya nywele nitasema machache. Nchini Kenya, Septemba 2019, Mahakama Kuu iliamua kwamba shule ya umma haikuwa na haki ya kumfukuza msichana wa Kirastafari kwa sababu ya nywele zake zilizosokotwa. Malawi walifikia uamuzi wa namna hiyo Mei 2024. Kwetu huku jambo hilo huleta kicheko. Lakini nadhiri wanayoitaja Marasta iko katika kitabu cha Hesabu sura ya sita, ndani ya Biblia ile ile tunayoibeba Jumapili, na Samsoni tunamfundisha watoto wetu katika Shule ya Jumapili bila kucheka.

Nilisema sitalikwepa dai la maskini, nalo ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote. Kitu chochote kinachoongezwa kwenye sare kinaweza kuwa cha bei. Hijabu ya kitambaa cha kawaida alichokata fundi wa sokoni Nkwenda au Kayanga si sawa na ile yenye marembo iliyonunuliwa mjini. Rozari ya uzi si sawa na ya fedha. Ndiyo maana nadhani kanuni nzuri ni ile inayoruhusu na hapo hapo kusawazisha: hijabu iwe ya rangi moja inayopatana na sare, ya kitambaa rahisi, isiyo na marembo, rozari au msalaba uwe wa uzi na uvaliwe ndani ya shati. Hapo Yakobo anapata haki yake na Paulo anapata yake.

Shule za dayosisi ni habari tofauti kidogo. Si za umma. Mzazi wa Kiislamu anayemleta mwanawe kwetu anasaini fomu akijua ni nyumba ya nani. Tunaweza kisheria kumwambia binti yake afunue kichwa. Kama tunapaswa kufanya hivyo ni swali ambalo wakuu wa shule hizo wamelijibu kwa namna mbalimbali, na ningependa kulisikia likijadiliwa katika mkutano mkuu badala ya kuachwa kwa kila mkuu wa shule na busara yake.

Kwa shule za serikali, jambo ni la karibu zaidi. Sare hushonwa Desemba na Januari, wakati ambapo fedha za kahawa kwa wengi zimekwisha na michango mingine inaanza kudaiwa. Mjumbe wa bodi anayetaka kanuni ya mavazi iandikwe wazi na ailete katika kikao cha Oktoba au Novemba, shekhe na padre wakiwa wamealikwa, ili rangi ya hijabu ijulikane mapema na mama asije akamlipa fundi mara mbili.